Uzi: Mbinu ya kura mbili kwenye Fizikia, madarasa ya wanafunzi 90 kwenda juu

MwishoWaReli (Kigoma)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa walimu wa sayansi wenye madarasa ya kujaa, wale ambao ukiambiwa "panga vikundi vya watu watano" unajikuta na vikundi 18 na kipindi cha dakika 40. Vyuoni tumelishwa sana bungua bongo (kila mtu atoe wazo lake) na matembezi ya galari (vikundi kuzungukia kazi zilizobandikwa ukutani). Hii ya kura mbili, yaani wanafunzi wanajibu swali peke yao, wanajadiliana, kisha wanajibu tena, haisikiki sana huku kwetu, ingawa ni ya siku nyingi. Aliyeianzisha ni Eric Mazur, mwalimu wa Fizikia pale Harvard, mwaka 1991. Kilichomsukuma ni jaribio la dhana ya kani (force) lililotokana na kazi ya mwanafizikia David Hestenes na wenzake: wanafunzi waliokuwa wakikokotoa bila shida walikwama kwenye maswali mepesi yasiyo na hesabu hata moja. Ukitoa kompyuta na mashine za kupigia kura, unabaki na kitu kinachofanyika kwa karatasi na mdomo.

Mtiririko wa swali moja uko hivi. Fundisha kipande kifupi, dakika 7, zisizidi 10. Andika ubaoni swali moja la kuchagua lenye A hadi D. Lisome mara mbili. Kisha kimya: dakika moja na nusu, kila mtu peke yake, hakuna kunong'ona, na kila mmoja aandike herufi yake kwenye daftari kwa kalamu ya wino. Ukisema "moja, mbili, tatu", wote wanainua karatasi kwa pamoja, imegusa kifua, si juu ya kichwa. Unakadiria waliopata:

- Chini ya asilimia 30: usiwaache wajadiliane, hawana cha kujadili. Rudi ufundishe kwa njia nyingine.
- Kati ya 30 na 70: hapa ndipo penyewe. Wape dakika 2 hadi 3, kila mmoja amtafute jirani mwenye herufi tofauti amshawishi. Kisha kura ya pili.
- Zaidi ya 70: eleza kwa dakika moja, songa mbele.

Kwa darasa la watu 92, asilimia 30 ni kama watu 28 na 70 ni kama watu 64. Ziandike namba hizo kwenye kona ya andalio lako la somo, maana kichwa hakitapiga hesabu mbele ya karatasi 92.

Swali moja lenye kura zote mbili linakula dakika 8. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinabeba maswali mawili. Vipindi viwili vilivyoungana vinabeba manne. Anayesema anafanya sita, huyo anafanya chemsha bongo.

Karatasi: A4 moja kwa kila mwanafunzi, ikunjwe mara mbili ipate robo nne. Ifungue uandike A, B, C, D kwa maka pen, herufi moja kila robo, upande mmoja tu. Akiikunja anaonyesha robo anayotaka. Rimu moja ina karatasi 500, hivyo watu 92 hawafikishi hata moja ya tano yake. Mikunjo huchanika baada ya wiki chache, basi ipigwe selotepu kabla ya kugawa, si baada ya kuchanika.

Karibuni, pingeni, ongezeni.

ChakiNyeupe (Tabora)

Mkuu, mbona vidole havitoshi? Kidole kimoja A, viwili B, karatasi za nini?

MwishoWaReli

Vidole vinatosha siku karatasi zimesahaulika. Tatizo ni kwamba kidole kinabadilika kwa sekunde moja. Mwanafunzi anamchungulia kinara wa darasa, anaongeza kidole kimoja, mchezo umekwisha. Karatasi ikishakunjwa, kuigeuza kunaonekana. Na ndiyo maana nikasema herufi iandikwe kwanza kwenye daftari kwa wino. Kura ya kwanza ikiwa ya kuigana, ya pili haina maana yoyote.

ChakiNyeupe

Sawa hapo. Ila niseme wazi, hii habari ya wanafunzi kufundishana naiona ni kipofu kumwongoza kipofu. Asilimia 60 wamekosa, halafu unawaambia wajadiliane? Mwenye kelele ndiye atakayeshinda, si mwenye hoja. Huku Tabora tunaita kupoteza kipindi.

Madam_Kasulu

Mwalimu, hoja yako si ya kupuuza, na imeshapimwa. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, kwenye somo la jenetiki. Walichofanya: baada ya kura ya pili waliuliza swali pacha, dhana ileile ila mazingira mengine, na hilo kila mtu alijibu peke yake bila mjadala. Kama wanafunzi wangekuwa wanaiga wenye kelele, swali pacha lingewaumbua. Hawakuumbuka, walipanda. Hata kwenye vikundi ambavyo hakuna aliyejua jibu mwanzoni, wapo waliolifikia kwa kubishana.

Lakini angalia sharti: ile ngazi ya asilimia 30. Chini ya hapo hofu yako ni ya kweli kabisa. Kelele inashinda.

Kwa hiyo usiamini kura ya pili peke yake. Kila wiki weka walau swali pacha moja. Mfano, swali la kwanza ni treni, pacha lake liwe boti.

MwishoWaReli

Naongezea makosa mawili yanayoua kura ya pili.

La kwanza, mwalimu kutangaza matokeo ya kura ya kwanza. "Naona wengi wamesema C." Umeshamaliza. Wote watahamia C, iwe sahihi au la. Kaa kimya, uso mkavu, sema tu "kuna herufi zaidi ya moja humu ndani, zungumzeni."

La pili, kuitisha kura ya pili pale tu walipokosa. Wanafunzi si wajinga, ndani ya wiki mbili watajua kwamba ukisema "jadilianeni" maana yake wengi wamekosa, basi wanabadilisha herufi hovyo. Mara mojamoja itisha mjadala hata kama asilimia 80 wamepata.

Mgebuka_wa_Ziwa (Ujiji)

Swali la ukaaji. Madawati yetu ni ya watatu watatu. Wakigeuka kuwatazama wa nyuma wanakuwa sita, na kwenye sita wawili wanasema na wanne wanatazama dirishani. Mnafanyaje?

Madam_Kasulu

Usiwageuze kwanza. Watatu wa dawati moja wanatosha. Wakigundua wote wana herufi moja, hapo ndipo wa katikati ageuke nyuma kutafuta mbishi. Halafu weka kanuni: mwenye herufi ya peke yake ndiye anayeanza kusema. Kanuni hiyo inamwinua msichana mkimya kuliko kumwambia "na wewe changia."

Kelele kwa darasa la jirani: ni dakika 3 zilizopimwa kwa saa, si kipindi kizima. Mpe mwanafunzi mmoja saa ya ukutani au simu yako aseme "muda" kwa sauti.

Nzega_Fizikia

Mimi naona watu wanazungumzia karatasi na madawati, ila kazi yote iko kwenye swali. Swali baya hakuna kura itakayoliokoa.

Swali baya ni lile linaloulizia fasili ("kizio cha kani ni kipi?"): aliyekariri anajua, asiyekariri hajui, hakuna cha kubishania. Baya jingine ni la kukokotoa. Hapo wanabishana nani kakosea kuzidisha. Na "yote hapo juu ni sahihi" ifutwe kabisa.

Swali zuri lina jibu la uongo linalovutia kweli. Majibu ya uongo usiyatunge kichwani. Yachukue kwenye madaftari ya mazoezi na mitihani ya mwaka jana, yale makosa yanayojirudia. Mfano wa Kidato cha Pili:

Treni ya Tabora kwenda Kigoma iko kwenye reli iliyonyooka na tambarare, inakwenda kilomita 40 kwa saa bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Jumla ya kani zote juu ya treni inaelekea wapi?
A. Mbele
B. Nyuma
C. Ni sifuri
D. Inategemea uzito wa mabehewa

A inavutia kwa sababu kila mtu anaona injini inavuta. Jibu ni C: kani ya injini imelingana na msuguano pamoja na ukinzani wa hewa. Swali pacha: boti ya injini iliyotoka Kibirizi, bandari ndogo ya Kigoma, mwendo wake haubadiliki, ziwa limetulia.

Madam_Kasulu

Hapo kwenye "kani" ndipo penye mtego mkubwa kwetu, na vitabu vya mbinu za kigeni havitakwambia. Swali tunaandika kwa Kiingereza kwa sababu ndicho cha mtihani. Mjadala, hata ukataze, utakuwa wa Kiswahili na Kiha. Usikataze, ila ujue kinachotokea: neno "nguvu" la mtaani linabeba kani, nishati, uwezo wa mashine na hata umeme. Mwanafunzi anasema "treni ina nguvu ya kwenda mbele", mwenzake anakubali, na kila mmoja ana kitu chake kichwani. Vivyo hivyo "uzito": mtaani ni tungamo (mass) na uzito (weight) kwa pamoja.

Kabla ya mjadala andika kona ya ubao maneno manne hadi sita kwa lugha zote mbili: kani, nishati, tungamo, uzito, mwendokasi, mchapuko (acceleration). Kanuni: kwenye mjadala neno "nguvu" ni marufuku. Wanacheka mwanzoni, kisha wanaanza kusahihishana wenyewe. Wakati wa kueleza jibu, mtu mmoja aliyebadilisha herufi arudie hoja kwa Kiingereza cha mtihani, sentensi mbili tu. Bila hatua hiyo wataelewa halafu wafeli kuandika.

Mgebuka_wa_Ziwa

Natoa la kwangu la kuelea:

Mtumbwi umebeba mawe, unaelea kwenye bwawa dogo. Mvuvi anayatupa mawe yote bwawani, yanazama. Usawa wa maji ya bwawa: A unapanda, B unashuka, C haubadiliki, D inategemea umbo la mtumbwi.

Tahadhari: usiandike "Ziwa Tanganyika." Mtoto wa Kibirizi atakwambia ziwa halisikii mawe ya mtumbwi, na yuko sahihi.

Jibu ni B. Jiwe la kilo 5 likiwa ndani ya mtumbwi linasukuma maji ya kilo 5, yaani lita 5. Likizama linasukuma ujazo wake tu. Kama densiti yake ni gramu 2.5 kwa sentimita ya ujazo, hiyo ni lita 2. Tofauti ni lita 3, na maji yanashuka.

ChakiNyeupe

Hilo hata walimu wenzangu ofisini wamegawanyika sasa hivi. Linaonyeshwaje darasani? Beseni?

Mgebuka_wa_Ziwa

Beseni ndilo linalowaangusha wengi. Beseni la upana wa sentimita 60 lina eneo la karibu sentimita za mraba 2,800. Ukitumia mawe ya kilo 1, ujazo unaopungua ni sentimita za ujazo 600, hivyo maji yanashuka milimita 2. Hakuna wa dawati la nyuma atakayeona, na wataondoka wakiamini C.

Chukua dumu la lita 20, lile jeupe la mawese linalopitisha mwanga, likate juu. Sehemu ya ndani ni kama sentimita 25 kwa 25, yaani eneo la 625. Mawe yaleyale yanashusha maji karibu sentimita 1. Jaza maji hadi nusu. Elesha bakuli la plastiki la lita 2 lenye kitako kipana, weka mawe madogomadogo ya kilo 1 ukisambaza kitakoni. Ukirundika upande mmoja litapinduka na utakuwa umejibu swali lingine. Subiri maji yatulie, weka alama ya maka pen. Hamisha mawe moja moja kwa mkono hadi chini ya maji, usiyadondoshe, maji yakiruka nje jaribio limeharibika. Bakuli libaki linaelea. Alama ya pili.

Na jaribio lije BAADA ya kura ya pili. Ukianza nalo hakuna wa kubishana.

Nzega_Fizikia

Kwa umeme wa mkondo: betri, balbu mbili zinazofanana kwa mfuatano. Ipi inawaka zaidi? A iliyo karibu na chanya, B iliyo karibu na hasi, C sawa. A inapata kura nyingi kwa sababu wanaamini balbu ya kwanza "inakula" umeme.

Jaribio lake lina mitego mitatu. Balbu zikiwa za aina tofauti (moja ya volti 2.5, nyingine 3.8) mwanga hautalingana na utakuwa umewathibitishia uongo. Dawa: mbele yao badilisha nafasi za balbu. Ile yenye mwanga zaidi ikibaki na mwanga wake kokote iliko, tatizo ni balbu, si nafasi. Pili, betri 2 za volti 1.5 zinafifisha mno, weka 3. Tatu, usitumie vitaa vya LED vya tochi za siku hizi: viwili vyeupe kwa mfuatano vinahitaji karibu volti 6, na ukigeuza ncha haviwaki kabisa. Kama balbu za waya hazipatikani, ammita (kipima mkondo) moja inatosha: isome kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Usomaji ni uleule.

MwishoWaReli

La joto kwa mikoa yetu: maji yanachemka sufuriani, tunaongeza kuni. Kipimajoto kitaonyesha nini? Wengi wanasema kitapanda. Hakipandi. Ila jiandae kwa swali la pili: mbona kinasoma 97 na kitabu kinasema 100? Kigoma mjini tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Tabora, karibu mita 1,200, ni kama 96. Kipimajoto si kibovu. Wa Tabora wakitaka maharage yaive upesi washuke Kigoma.

ChakiNyeupe

Kigoma wenyewe maharage mnayapata wapi, si mnakula migebuka tu! 😂

Turudi. Silabasi itaisha? Na mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akiingia akute darasa linapiga soga?

Madam_Kasulu

Usitumie kwa kila mada. Vipimo, alama za sakiti, hesabu za mashine rahisi, fundisha kama kawaida. Kura mbili ni kwa dhana zinazopotosha: kani na mwendo, kuelea, joto na halijoto, mkondo, kuona na mwanga. Vipindi viwili kwa wiki, si zaidi.

Mazur anataka wanafunzi wawe wamesoma kabla ya kipindi. Kwetu vitabu havitoshi, hivyo dakika 5 za mwisho za kipindi kilichotangulia wanakili nusu ukurasa kutoka ubaoni na maswali mawili. Asiyekuja na hayo madondoo bado apige kura, usimtoe nje.

Kwenye andalio la somo, kama lako lina hatua hizi: kura ya kwanza inakaa kwenye maarifa mapya, mjadala na kura ya pili kwenye kuimarisha maarifa. Mthibiti akija muonyeshe daftari la kura. Mistari yenyewe ni hii (mfano wa kubuni):

Swali la mtumbwi, watu 92. Kura ya 1: A 41, B 33, C 12, D 6. Kura ya 2: A 20, B 61, C 8, D 3.

Kutoka asilimia 36 hadi 66. Ukitaka kulinganisha maswali, tumia kipimo alichokitumia mwanafizikia Richard Hake kwenye uchambuzi wake wa 1998: gawanya kilichoongezeka kwa kilichokuwa kimebaki kufikia 100. 30 kwa 64, karibu 0.47. Hake alikipata kwa mtihani wa mwanzo na wa mwisho wa kozi nzima, kwa hiyo usijilinganishe naye. Linganisha swali lako na swali lako.

Kuhesabu: usihesabu zote, hutamaliza. Kiranja wa kila safu anakuandikia namba za safu yake kwenye kikaratasi wakati wewe unakadiria kwa macho.

ChakiNyeupe

Ya daftari la kura imenikaa. Bado sijashawishika na Kidato cha Nne muhula wa mwisho, hapo ni maswali ya mitihani iliyopita tu. Kidato cha Pili nakubali.

Mwenye swali la sumaku atupie.

Nzega_Fizikia

Sumaku mche inakatwa katikati. Vipande vinakuwaje? A kimoja ni kaskazini tupu na kingine kusini tupu, B kila kimoja kina ncha zote mbili, C usumaku unapotea, D kipande kimoja tu ndicho kinachobaki sumaku. Jibu B.

Kwa jaribio usivunje sumaku ya shule. Sumakisha wembe au kipande cha msumeno wa chuma kwa kuusugua na sumaku kuelekea upande mmoja tu mara 30 hivi, kisha ukate kwa koleo ukiwa umeufunika kwa kitambaa, maana wembe unaruka. Pima vipande kwa dira.

Na zile sumaku za duara za spika za redio mbovu zisitumike kwa swali hili. Ncha zake ziko kwenye nyuso bapa mbili, si kwenye kingo. Mwanafunzi akipima ukingo kwa ukingo hapati kinachoeleweka, na maelezo yake yatakula kipindi kizima.